Bundi wa Sokoke asichongwe kwa muhugu

Bundi alikuwa mezani, katika karakana moja hapa Malindi, akisubiri kufungwa kwa safari ya Nairobi. Ilikuwa kazi ya mkono uliokomaa: vishungi viwili vya manyoya vimesimama kichwani, shingo imegeuka kidogo, kifua kimesuguliwa kwa nta hadi mishipa ya mti ikajitokeza. Pembeni yake palikuwa na karatasi: bundi wa Sokoke, atapigwa mnada, mapato yote yaende kuhifadhi msitu wake.

Nilipomwinua, harufu ilinifikia kabla sijauliza lolote. Tamu, kavu, inayokaribia sandali.

Muhugu.

Wiki kadhaa zimepita na bundi yule hajanitoka akilini. Mchongaji simlaumu, na kamati iliyomwagiza ilikuwa na nia njema. Kinachonikera ni kwamba kila mmoja katika mnyororo ule alifanya sehemu yake vizuri, na bado mti uliomfuga ndege ukakatwa ili kumchangia ndege.

Ndege na mti wake

Tunaoishi kati ya Malindi na Kilifi tunaujua Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi za msitu wa pwani uliobaki. Lakini wengi wetu tunauzungumzia kama msitu mmoja, na bundi hauoni hivyo. Haishi kwenye mrihi wa mchanga mweupe. Makao yake ni upande wa udongo mwekundu, magharibi, ambako mfunda na muhugu husongamana. Nje ya hapa, anajulikana pia katika msitu wa Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi, na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Basi.

Ni ndege wa sentimita 16 tu kwa urefu. Wako wa kijivu, wa kahawia na wenye wekundu wa kutu, na mchana akitulia kwenye vichaka unaweza kupita karibu naye usimwone.

Mdomo wake hauna nguvu ya kutoboa mti. Anaaminika kutegemea matundu, na muhugu mzee ni hodari wa matundu kwa sababu moyo wake huoza ukiwa bado umesimama. Ndiyo maana wahifadhi wakitaja yanayomtisha bundi huyu, ukataji wa muhugu haukosi kwenye orodha. Mti wenyewe hukua polepole sana. Miti dume na miti jike ni mbalimbali, na mbegu zake hazioti kwa urahisi. Hakuna kitalu kitakachomrudishia bundi muhugu mnene katika uhai wa mtu aliyeukata.

Kwa hiyo sanamu ya bundi huyu kwa muhugu ina kasoro ambayo ustadi hauwezi kuiondoa.

Mbona wachongaji bado wanaufuata?

Kwa sababu ni mti mzuri mno, na anayeuponda muhugu karakanani atapoteza wasikilizaji mapema. Ni mzito, una chembe laini zilizokaribiana, unashika mstari mwembamba wa patasi bila kumeguka. Wadudu hawaupendi. La muhimu zaidi, hunywea kidogo tu unapokauka.

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho.

Desturi ya kuchonga wanyama kwa ajili ya kuuza iliingia Ukambani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ujuzi alioupata Tanganyika. Ikasambaa hadi Nairobi, Mombasa na hapa Malindi, ambako ushirika wa wachongaji ni sehemu ya mji. Mpingo ulipoadimika, muhugu ukachukua nafasi. Kisha ikaja kampeni ya miti mbadala, mwarobaini ukiwa mbele, na katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini wa mashamba ya Pwani vikapata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu. Kwa hiyo jibu limekuwa mikononi mwetu kwa muda mrefu. Mwarobaini umejaa kila boma, kila uwanja wa shule, kando ya kila barabara. Umetoka ng'ambo, ndege wanausambaza, na unaota hata pale usipotakiwa.

Basi kwa nini bundi wa muhugu?

Nilidhani ni mazoea, au wanunuzi wanaopenda mti mzito. Yote mawili yapo. Lakini kadiri nilivyolipitia agizo lile hatua kwa hatua, ndivyo nilivyoona sababu ya tatu, na nadhani ndiyo kubwa. Kamati za minada huagiza zimechelewa. Mnada ni Novemba, simu inapigwa Septemba. Mchongaji ana wiki sita. Muhugu humvumilia mwenye haraka, hata ukiwa haujakauka vizuri. Mwarobaini haumvumilii.

Aliyeagiza Septemba ameshachagua mti bila kujua.

Mwarobaini unavyotaka kushughulikiwa

Tuseme bundi ni wa sentimita 28, chini kidogo ya mara mbili ya umbo lake halisi. Ukubwa huo unatosha meza ya mnada bila kumfanya jitu. Unahitaji mwarobaini wa shamba wenye kipenyo cha sentimita 45 au zaidi, shina limenyooka, halina tawi katika mita moja utakayotumia.

Ukate mwanzo wa kaskazi, Desemba au Januari, ili mti ukutane na miezi mikavu kabla ya masika. Kisiki kiachwe kama goti, mkato umelala mshazari maji yasituame. Mwarobaini huchipua vizuri kutoka kisikini. Baada ya miezi michache bakiza machipukizi mawili yenye nguvu, mengine uyaondoe, na mwenye shamba atakuwa na mti tena.

Siku hiyo hiyo menya gome lote, maana chini yake ndiko wadudu wa mbao hutaga. Paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta kama nta haipo. Maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na zikiachwa wazi zinapasuka ndani ya siku chache. Hata ukizipaka, acha sentimita 10 za ziada kila upande, za kukata na kutupa baadaye.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Pasua gogo kwa urefu vipande vinne, na kiini cha katikati ukiondoe. Mti ukikauka hunywea kuizunguka pete yake karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda gome. Gogo la mviringo lenye kiini ndani halina njia ya kuutoa mvutano huo isipokuwa kupasuka, na ufa utatokea popote, mara nyingi katikati ya uso. Robo ya gogo hubadilika umbo kidogo tu ikatulia.

Kutoka robo hiyo, ukishaondoa kiini na weupe wa nje, unapata kipande cha sentimita 12 kwa 12. Weupe uondoke kabisa. Moyo wa mwarobaini, wenye wekundu wa kahawia, una uchungu ambao wadudu wanauepuka, lakini weupe wake wanautafuna, na mnunuzi atakuta unga mezani kwake miezi mitatu baada ya kulipa.

Vipande vilazwe juu ya vijiti, chini ya makuti, nusu mita kutoka ardhini, upepo upite pande zote. Jua lisiviguse. Pima uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike kwenye kipande chenyewe kwa penseli. Kwa unene huu tarajia miezi sita hadi minane, kutegemea kusi lilivyokuja na unyevu. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu, mti umefika kiwango cha hewa ya Malindi.

Lakini bundi anakwenda Nairobi, na pengine kutoka hapo akaishie nyumba yenye kipoza hewa au ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi kali. Hewa ya huko ni kavu kuliko yetu. Kata kipande cha gramu 100 kutoka kwenye mabaki, kiweke kwenye oveni nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito uache kupungua. Kikifika gramu 88, unyevu ulikuwa gramu 12 juu ya 88, yaani asilimia 13 na ushei. Kwa hapa ni sawa. Kwa safari hiyo ningependa ushuke hadi asilimia 10, na hilo linataka wiki kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa chenye mashine ya kuondoa unyevu, au kwenye tanuri la kukaushia mbao.

Kuchonga

Chembe za mti zisimame wima pamoja na bundi. Vile vishungi vya kichwani ni vyembamba, na chembe zikilala, vitakatika kwa pigo la kwanza au kwa mfanyakazi wa kwanza atakayemshika kichwa wakati wa kufungua sanduku.

Chora umbo la mbele na la ubavu kwenye nyuso mbili zinazokutana. Kata pembe kwa msumeno, kisha ingia na tezo. Acha sentimita moja ya ziada kila mahali na usimame hapo. Sanamu iwekwe kwenye gunia pamoja na vumbi lake kwa wiki mbili, maana umefungua mti wa ndani ambao bado ulikuwa na unyevu zaidi kidogo kuliko nje. Kama kuna ufa utakaojitokeza, ujitokeze sasa, wakati bado una mti wa kuufuta.

Halafu patasi. Hapa mchongaji mwenye uzoefu wa kuuzia watalii ana mazoea ya kuyaacha: kuchonga kila unyoya mmoja mmoja, mistari sambamba mwili mzima. Bundi huyu hafanani hivyo. Manyoya yake yana michirizi na madoa yanayomfanya aonekane gome. Mishipa ya mwarobaini inafanya nusu ya kazi hiyo yenyewe ukiiacha. Chora kwa wepesi kingo za mbawa, duara la uso, na vidole vinavyoshika tawi. Mwilini acha mti uonekane.

Macho yachimbwe. Mboni ya milimita tatu kwenda ndani hupata weusi wake kwa kivuli, na hiyo inashinda ushanga wa kioo.

Msasa wa 120, kisha 180, kisha 240. Lowanisha kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha nyuzi zisimame na zikauke, ndipo umalize na 320. Vaa barakoa, maana vumbi la mwarobaini ni chungu na linakereketa koo. Mwisho paka mafuta ya kitani, tabaka jembamba, futa yaliyozidi, subiri siku mbili, rudia, kisha nta ya nyuki. Paka na kitako pia, kwa sababu huko chini ndiko ncha za chembe zilipo na ndiko unyevu unakoingia. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke. Vikifinyangwa pamoja kwenye kona vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, na karakana ya makuti haitoi nafasi ya pili.

Nta nyeusi ya viatu isiguse sanamu hii. Kuupaka mwarobaini ufanane na mpingo ni kumwambia mnunuzi kwamba tunauonea haya mti wetu mzuri.

Sange ni mtihani mwingine

Kamati zikishapata bundi, hutaka na sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwingine wa msitu huu ambaye hapatikani kwingi. Nawaelewa. Lakini sange ana miguu kama vijiti, pua ndefu inayojongea, na mkia unaokaribia urefu wa kiwiliwili. Chembe zikilala kufuata pua na mkia, miguu inabaki na chembe fupi na inavunjika. Zikisimama kufuata miguu, mkia unakatika.

Suluhisho ni kumchonga ndani ya majani makavu. Sange hutafuta wadudu kwenye majani ya sakafuni na hujenga kiota cha majani hayo hayo, kwa hiyo kumwachia rundo chini ya tumbo ni ukweli wa maisha yake, na hapo hapo unaibeba miguu na kuuegemeza mkia. Chembe zilale. Kiuno cha dhahabu kisipakwe rangi. Gogo likichaguliwa vizuri, mpaka kati ya moyo na weupe unaweza kupangwa uangukie pale pale, na hapo tu ndipo ningeruhusu weupe ubaki, ukishatibiwa kwa maji ya boraksi kwanza.

Wapo wanaosema tuache mti kabisa

Hoja yao naiheshimu. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani kumi za plastiki na ndara zilizookotwa, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Kwa kasa na nguva, wanaodhuriwa na takataka hizo, sanamu ya ndara inasema jambo sahihi kwa mali sahihi. Kwa bundi sioni hivyo. Msitu wa Sokoke unapungukiwa na miti kwa sababu watu wa kandokando wanahitaji mti na kipato, na mwarobaini wa shambani unalipa mahitaji hayo yote mawili bila mtu kuvuka ua wa msitu.

Lakini kusema "ni mwarobaini" hakutoshi. Umekatwa shamba gani? Uliondoka na kibali? Ulikuwa kivuli pekee cha darasa la nje la shule fulani? Maswali haya hayana raha, na anayeuza sanamu kwa jina la uhifadhi ndiye wa kwanza kuyajibu.

Karatasi inayofuatana na bundi

Karatasi niliyoiona ilitaja ndege na ikasahau mti. Ningetaka iseme aina ya mti, kijiji ulikokatwa, mwezi na mwaka, kwamba kisiki kimeachwa kichipue, uzito wa sanamu, jina la mchongaji likiandikwa kwa ukubwa ule ule wa jina la shirika, na maneno mawili matatu ya utunzaji: mbali na dirisha la jua, mbali na kipoza hewa, nta mara moja kwa mwaka. Nakala ya kibali cha kusafirisha mazao ya msitu ikae na kamati.

Kisiongezwe chochote cha mnyama halisi. Unyoya uliookotwa, gamba la ng'amba, mfupa wa mnyamapori wa kuigiza pembe, vyote vinaingiza mnunuzi katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na haitoshi kusema uliviokota. Kama mnunuzi ni wa ng'ambo, mbao za sanduku la kusafirishia ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi ndani na zigongwe muhuri wake, la sivyo mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kwa ajili ya sanduku, wala si kwa ajili ya bundi. Kwa mpingo kuna la ziada: tangu 2017 jamii yake yote iko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mzigo wa vinyago wenye zaidi ya kilo 10 za mti huo unadai hati.

Nani anamlipa mchongaji?

Hapa ndipo nina hasira kidogo, na sitaificha. Mashirika mengi humwomba mchongaji atoe sanamu bure, kwa hoja kwamba atajulikana. Aliyepiga dau anapigiwa makofi, na aliyekesha na patasi hata hatajwi. Mtu anayeishi karibu na msitu, anayenunua unga kwa kinyago, ndiye anayechangia zaidi ya wote ukumbini.

Makubaliano yaandikwe kabla ya mti kukatwa. Mchongaji alipwe gharama zake na siku zake iwe sanamu imeuzwa au haikuuzwa, na kilichozidi kigawanywe kwa sehemu iliyotajwa. Bei ya chini iwekwe. Kama gharama na ujira ni shilingi 25,000, dalali asianzie 10,000 ili kuchangamsha ukumbi, maana bundi akiondoka kwa 12,000, kila mnunuzi atakayeingia karakanani mwezi unaofuata ataitaja bei hiyo. Mnada wa kimya, wa kuandika dau kwenye karatasi, ni hatari zaidi kwa kazi ya aina hii. Watu hupita na vinywaji mkononi, na sanamu ya sentimita 28 haiwaiti.

Na pesa ya kwanza itoke mapema. Kamati inayotaka bundi wa Novemba imtafute mchongaji Desemba ya mwaka uliotangulia, impe siku hiyo hiyo fedha za gogo, upasuaji na usafiri, kwa sababu mwenye shamba halipwi kwa ahadi, na mchongaji hana akiba ya kulaza mti chini ya makuti miezi minane. Kamati ikishindwa kufanya hivyo, basi itafute kitu kingine cha kupiga mnada mwaka huo, na bundi wa Sokoke imwagize kwa ajili ya mwaka unaofuata.